Umewekewa kipandikizi kibovu mwilini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu haki zako kisheria

Haya maswali nimeyakusanya kwa miaka kutoka kwa watu niliokaa nao kwenye mabenchi ya kliniki na kwenye ofisi za mawakili. Yanajirudia sana, yaani mtu wa goti na mtu wa betri ya moyo wanauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti. Sheria zinatofautiana nchi na nchi kwa hiyo wakili wa kwako ndo mwenye neno la mwisho, ila kuna mambo ukiyajua mapema yanakuokoa. Kama una haraka na oparesheni ya kutoa kifaa iko karibu, ruka moja kwa moja mpaka swali la 6.

## Mambo ya mwanzo

1. Kipandikizi hapa tunamaanisha nini hasa?

Kitu chochote kilichotengenezwa kiwandani ambacho daktari amekiacha ndani ya mwili wako kwa makusudi. Nyonga bandia, goti bandia, plati na skrubu za mfupa, betri ya moyo na waya zake, valvu ya moyo, matiti ya silikoni, nyavu za henia na zile wanazowekewa kina mama baada ya kizazi kushuka, hata vifaa vya kuzuia mimba vinavyowekwa ndani. Pamba au mkasi uliosahaulika tumboni ni mambo mengine kabisa, huo ni uzembe wa wahudumu na kesi yake inaenda njia nyingine.

2. Nitajuaje kama kifaa ni kibovu au ni madhara ya kawaida tu ya oparesheni?

Hili ndo swali gumu kuliko yote na mtu akikujibu haraka haraka mtilie shaka.

Kisheria ubovu uko wa aina tatu. Kwanza ubovu wa muundo, yaani kifaa kimebuniwa vibaya tangu kwenye karatasi kwa hiyo vyote vilivyotoka vina tatizo lilelile. Nyonga za chuma kwa chuma ni mfano unaojulikana sana: chuma kinasuguana na chuma, chembe za kobalti na kromiamu zinaingia kwenye nyama na damu, nyama inaoza taratibu kuzunguka nyonga na mgonjwa anaambiwa "utazoea". Nyonga ya aina hiyo iitwayo ASR, ya kampuni ya DePuy, iliondolewa sokoni duniani kote Agosti 2010 ikiwa imeshawekwa kwa watu kama 93,000. Pili ni ubovu wa kiwandani, muundo ni mzuri ila kundi fulani la uzalishaji limeharibika au mtu kachakachua. Kampuni ya Ufaransa ya PIP ilijaza matiti ya bandia silikoni ya viwandani badala ya ile ya kitabibu, na mwanzilishi wake Jean-Claude Mas alihukumiwa miaka 4 jela Desemba 2013. Tatu ni ubovu wa maelezo, kifaa kina hatari ambayo kampuni iliijua au ilipaswa kuijua na haikuisema vya kutosha.

Sasa nikwambie ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia: kifaa kuharibika hakutoshi peke yake kukifanya kibovu kisheria. Hakuna nyonga inayodumu milele, na maambukizi yanaweza kumpata mtu mwenye kifaa kizuri kabisa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Uingereza iliwanyima ushindi mamia ya wagonjwa wa nyonga ya Pinnacle, nayo ya chuma kwa chuma, ikisema hawakuthibitisha kwamba kifaa kilikuwa chini ya kiwango cha usalama ambacho watu walikuwa na haki ya kukitegemea wakati kinaingia sokoni. Walikuwa wameumia kweli, hakuna aliyebisha hilo. Walishindwa kwenye neno "kibovu".

3. Nimshtaki nani, daktari, hospitali au kampuni?

Inategemea kosa liko wapi, na mara nyingi unaanza bila kujua. Daktari akiweka kifaa kizuri kwa pembe mbaya au saizi isiyokufaa, huo ni uzembe wa kitabibu na lazima uonyeshe kwamba alifanya chini ya kiwango cha daktari mwenzake makini. Kifaa chenyewe kikiwa kibovu unaangalia mtengenezaji, na nchi nyingi (zote za Umoja wa Ulaya, Uingereza, na majimbo mengi ya Marekani) hulazimiki kuonyesha kwamba kampuni ilizembea, unaonyesha tu kifaa ni kibovu, umeumia, na hicho kifaa ndo kimekuumiza. Mtengenezaji akiwa nje ya nchi, sheria nyingi zinamruhusu mgonjwa kumbana aliyeingiza bidhaa nchini.

Jiandae na mchezo wa kurushiana mpira. Kampuni itasema daktari alikiweka vibaya, daktari atasema kifaa kilikuwa kibovu, na wewe uko katikati na mguu umevimba. Ndo maana mawakili wengi wanawaunganisha wote kwenye kesi moja mwanzoni halafu wanawachuja baadaye ushahidi ukishatoka.

4. Nilisaini fomu ya ridhaa kabla ya oparesheni. Si nimeshajifunga?

Hapana. Ile fomu inasema umeelezwa hatari za kawaida za upasuaji ukakubali. Hukukubali kuwekewa kitu kibovu, wala hatari ambayo hukuambiwa. Tena wakati mwingine fomu inakusaidia wewe, maana ukiisoma unakuta hatari iliyokupata haimo kabisa. Omba nakala yake.

Kitu kingine, sehemu nyingi hasa Marekani kampuni inajitetea kwamba kazi yake ni kumwonya daktari tu, siyo mgonjwa. Kwa hiyo swali linakuwa daktari aliambiwa nini na lini, na kama angeambiwa ukweli wote angekiweka? Daktari wako anaweza kugeuka shahidi wako mzuri sana hapa, usimfanye adui kabla hujajua.

## Ushahidi

5. Sijui hata nimewekewa kifaa cha kampuni gani. Naanzia wapi?

Anzia kwenye stika. Oparesheni ikiendelea, nesi anabandua vistika vidogo vyeupe kwenye boksi la kifaa na kuvibandika kwenye karatasi ya oparesheni ndani ya faili lako. Mara nyingi viko vitatu au vinne vimepishana vibaya pembeni ya ukurasa, kimoja kwa kila kipande. Tafuta herufi REF, hiyo ni namba ya modeli. LOT ni kundi la uzalishaji. SN ni namba ya kifaa chako peke yako, ingawa si vifaa vyote vinayo. Kialama cha kijumba cha kiwanda chenye paa kama meno ya msumeno ndo kinakuonyesha mtengenezaji, na kile cha glasi ya mchanga kinakuonyesha tarehe ya mwisho ya kutumika (ndiyo, iangalie na hiyo). Piga picha kwa simu kila stika, karibu, mpaka namba zisomeke.

Nchi za Umoja wa Ulaya, chini ya kanuni za vifaa tiba zilizoanza kutumika Mei 2021, hospitali inatakiwa kukupa kadi ya kipandikizi yenye hizi taarifa kwa vifaa vingi. Kama ulipewa kadi ukaitupa kwenye droo, itafute leo.

Ukikosa stika kabisa bado kuna njia. Leja ya thieta (chumba cha oparesheni), risiti za manunuzi za hospitali, bili yako, madai ya bima. Na daktari mzoefu wa mifupa akitazama eksirei anaweza kukwambia modeli kwa umbo tu.

6. Natolewa kifaa wiki ijayo. Nifanye nini na hicho kifaa?

Soma hapa polepole. Kile chuma, ule wavu, lile titi la silikoni, ndo shahidi wako mkuu na kwa kawaida kinaishia kwenye ndoo ya taka za thieta kabla hujazinduka.

Kuna mama mmoja nilimsindikiza alipotolewa nyonga. Miezi alikuwa analalamika mguu unalia kama mlango wenye bawaba mbovu anapopanda ngazi, mimi mwenyewe nilisikia. Alipozinduka kitu cha kwanza aliuliza "kile chuma kiko wapi" na nesi akamjibu kwa upole kabisa kwamba kimeshaenda na taka za asubuhi. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna tu aliyeambiwa akitunze.

Kwa hiyo andika barua, kwa maandishi siyo kwa mdomo, kabla ya siku ya oparesheni, kwa daktari na kwa uongozi wa hospitali. Sema unaomba vipande vyote vitakavyotolewa vihifadhiwe, vipelekwe maabara ya patholojia (wanaochunguza nyama za mwili) pamoja na nyama iliyovizunguka, visitupwe na visikabidhiwe kwa mtu yeyote bila idhini yako ya maandishi. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Asubuhi ya oparesheni mkumbushe daktari na nesi wa thieta tena, hata kama unaona aibu kurudia. Omba kifaa kipigwe picha kikiwa na rula pembeni, na kila anayekipokea aandike jina, tarehe na saa. Mnyororo huo wa sahihi ukikatika, wakili wa kampuni atauliza tu "mnajuaje hiki ndicho?"

Usikioshe mwenyewe, usikisugue, usikiweke kwenye dawa ya kufulia. Kimetoka mwilini, kinaweza kuambukiza, na maabara wanajua kukisafisha bila kufuta mikwaruzo ambayo mtaalamu anaihitaji. Na jihadhari na mwakilishi wa kampuni, ambaye huwa yupo thieta kwenye oparesheni nyingi za vipandikizi. Atasema kwa sauti nzuri kwamba wanakipeleka kiwandani kukichunguza. Uchunguzi wao unaweza kuhitaji kukikata, na kikishakatwa hakirudi. Mjibu kwamba kitachunguzwa, ila pande zote zikiwepo.

7. Kimeshatupwa. Basi kesi imekufa?

Imedhoofika, haijafa. Kama ubovu ni wa muundo, kesi inasimama kwenye modeli nzima, kwa hiyo stika (swali la 5), eksirei za zamani, ripoti ya daktari aliyekitoa akieleza alichokikuta, vipimo vya damu vya kobalti na kromiamu, na ripoti ya patholojia vinaweza kutosha. Ubovu wa kiwandani ndo unaumiza zaidi hapa maana ulitakiwa kuonyesha kipande chako hasa kilikuwa na kasoro. Waulize maabara, wakati mwingine vipande vya nyama vimehifadhiwa miaka na hakuna aliyekumbuka kukwambia.

8. Hospitali inanizungusha, hawataki kunipa faili.

Nchi nyingi mgonjwa ana haki ya kupata nakala ya taarifa zake hata kama faili lenyewe ni mali ya hospitali. Omba kwa maandishi, taja tarehe za matibabu, na orodhesha unachotaka: karatasi ya oparesheni, ukurasa wa stika, fomu ya ridhaa, picha zote kwenye sidii siyo ripoti tu. Wakikaa kimya, barua ya wakili huwa inafungua kabati ambazo wewe uliambiwa funguo zimepotea. Nakushauri uombe faili kabla hujataja neno kesi.

## Muda

9. Nina muda gani wa kufungua kesi?

Mfupi kuliko unavyodhani, na hapa ndo watu wengi wenye haki zao wanapoteza kila kitu.

Kuna saa mbili zinazotembea kwa pamoja. Ya kwanza inaanza siku ulipojua, au ulipopaswa kujua, kwamba umeumia na chanzo kinaweza kuwa kifaa. Ulaya chini ya sheria ya bidhaa zenye kasoro ya 1985 ni miaka 3, Uingereza hivyohivyo, majimbo mengi ya Marekani yanakwenda miaka 2 au 3. Ya pili haijali ulijua lini: kwa sheria hiyohiyo ya 1985 haki inazimika miaka 10 tangu kifaa chenyewe kilipoingia sokoni, hata kama maumivu yameanza mwaka wa kumi na moja. Kwa kifaa kinachokaa mwilini miaka ishirini mimi naona huo ni ukatili, na inaonekana Ulaya wameliona pia maana sheria mpya ya 2024 imeongeza mpaka miaka 25 kwa madhara ya mwili yanayochelewa kujitokeza, ila ni kwa bidhaa zinazoingia sokoni baada ya tarehe 9 Desemba 2026.

Andika tarehe ya kila kitu. Siku daktari aliposema "inawezekana ni kifaa" ndiyo siku ambayo mahakama inaweza kuihesabu kama mwanzo, siyo siku ulipokubali moyoni.

10. Kampuni imetangaza kuondoa kifaa sokoni. Si maana yake nimeshinda?

Hapana, ila una silaha nzuri. Tangazo linaonyesha kuna tatizo, bado lazima uonyeshe kifaa chako kimo (linganisha REF na LOT) na kwamba hilo tatizo ndo lililokuumiza. Na kumbuka tangazo linaweza kuwasha ile saa ya kwanza ya swali la 9 hata kama wewe binafsi hukulisikia. Kuondolewa sokoni pia hakumaanishi kila mtu atolewe kifaa mwilini, wengi wanaambiwa wafuatiliwe tu kwa vipimo. Hilo mwamue na daktari, usikimbilie kisu kwa ajili ya kesi.

## Kesi yenyewe

11. Natafuta wakili wa aina gani na namlipaje?

Aliyewahi kushughulika na kesi za bidhaa au za kitabibu, siyo wa viwanja. Muulize ameshafanya kesi ngapi za vifaa na atampata wapi shahidi mtaalamu, maana bila daktari na mhandisi wa kusimama kizimbani hamna kesi. Kwenye baadhi ya nchi wakili anachukua asilimia ukishinda, kwingine ni marufuku. Popote pale uliza jambo moja ambalo watu wanasahau: nikishindwa, nani analipa gharama za upande wa pili? Jibu liwe kwenye maandishi.

12. Nijiunge na kesi ya pamoja au nipambane peke yangu?

Kama madhara yako yanafanana na ya wengine na kifaa ni kilekile, pamoja kuna nguvu. Wataalamu ni ghali na nyaraka za ndani za kampuni ni maelfu kwa maelfu, mtu mmoja haziwezi. Wanawake wa Australia waliowekewa nyavu za Johnson & Johnson walishinda mahakamani mwaka 2019 kwa kesi ya pamoja, na 2022 kampuni ikakubali kulipa dola za Australia milioni 300. Ubaya wake ni kwamba hela inagawanywa kwa madaraja, na mtu aliyeumia kupita kiasi anaweza kupata kidogo kuliko angepata peke yake. Uliza tarehe ya mwisho ya kujitoa, ikipita umefungwa na matokeo yao.

13. Fidia inahesabiwaje?

Gharama za matibabu yaliyopita na yajayo, mshahara uliopotea, uwezo wa kazi uliopungua, maumivu, na msaada wa nyumbani. Hii ya mwisho watu wanaidharau. Kama mwanao aliacha kazi akuogeshe na kukupikia, hilo lina thamani, liandike kwenye daftari siku kwa siku. Daftari la mkono lenye "leo nimeshindwa kuvaa soksi" limewahi kugusa majaji kuliko kurasa mia za kitaalamu.

14. Kampuni imeniambia italipa oparesheni ya pili, nisaini tu karatasi.

Usisaini siku hiyo. Chukua karatasi nyumbani. Tafuta mstari unaosema unaachia madai yote, au unaruhusu kampuni kuchukua faili lako na kifaa chako. Kulipiwa matibabu ni sawa, kuuza haki zako zote kwa bei ya oparesheni moja siyo sawa, na hujui kama itahitajika ya tatu.

## Hali ngumu

15. Kifaa changu kiko kwenye orodha ya vibovu lakini bado kinafanya kazi. Naweza kudai?

Ulaya ndiyo, kwa baadhi ya vifaa. Machi 2015 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kesi ya betri za moyo za Boston Scientific, ikasema kama kundi zima lina uwezekano wa kasoro basi kila kimoja kinaweza kuhesabiwa kibovu bila kuthibitisha chako, na gharama ya kukibadilisha inadaiwa pale inapokuwa ni lazima. Sababu inaeleweka, huwezi kumwambia mgonjwa wa moyo asubiri betri izime ndo aje na ushahidi. Marekani kwa kawaida wanataka madhara halisi, ingawa suluhu ya 1992 ya valvu za Björk-Shiley, zile ambazo kijiti chake kilikuwa kinavunjika ghafla, iliwapa kitu hata watu ambao valvu zao zilikuwa bado nzima.

16. Kampuni imefilisika.

Uliza bima yake, aliyeinunua, muagizaji, na aliyeipa cheti cha ubora. PIP ilipofungwa 2010 wanawake walimgeukia mkaguzi, TÜV Rheinland, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ya Paris ikasema alizembea. Bima ya PIP lakini ilikuwa inahusu wanawake waliofanyiwa upasuaji Ufaransa tu, na Mahakama ya Haki ya Ulaya mwaka 2020 ilikataa kusema hilo ni ubaguzi chini ya sheria ya Ulaya. Kampuni kubwa zikifilisika kwa sababu ya kesi, kama Dow Corning 1995, mara nyingi mahakama inaunda mfuko wa wadai wenye fomu zake na tarehe zake. Ukikosa tarehe ya fomu umekosa mfuko.

17. Kifaa kilikuwa kimeidhinishwa na serikali. Bado naweza kushtaki?

Nchi nyingi ndiyo. Marekani ndo kuna mtego: mwaka 2008 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, kwenye kesi ya Riegel dhidi ya kampuni ya Medtronic, ilisema vifaa vilivyopita ukaguzi kamili wa FDA (mamlaka yao ya dawa na vifaa tiba) vina kinga dhidi ya madai mengi ya sheria za majimbo. Vile vilivyopita njia ya mkato, kwa kufananishwa na kifaa cha zamani, havina kinga hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza la wakili wa kule litakuwa kifaa chako kilipita mlango upi.

18. Niliwekewa nchi nyingine, sasa naishi kwingine.

Unaweza kuwa na chaguo zaidi ya moja: ulipowekewa, ulipoumia, au kampuni ilipo. Kila sehemu ina muda wake, na ule mfupi zaidi ndo uuchukulie kuwa wako mpaka wakili akwambie vinginevyo. Leta faili lote kutoka kule kabla hospitali haijaharibu kumbukumbu za zamani, nyingi zinazifuta baada ya miaka kadhaa.

19. Mgonjwa ameshafariki. Familia inaweza kuendelea?

Mara nyingi inaweza, kwa madai aliyokuwa nayo marehemu na kwa hasara ya waliokuwa wanamtegemea, ila lazima awepo msimamizi wa mirathi anayetambulika. Kama kifo kinahusishwa na kifaa, ombeni uchunguzi wa maiti kabla ya maziko, na mwambieni daktari anayeufanya akitoe kifaa na kukihifadhi kama ilivyoelezwa kwenye swali la 6. Najua ni kitu kizito kukitamka siku ile, mkabidhini mtu mmoja wa ukoo mwenye moyo mgumu akaongee na mochwari huku nyie wengine mnaomboleza. Betri za moyo zina kumbukumbu ndani inayoonyesha kilichotokea dakika za mwisho, na zinatolewa kabla ya kuchoma mwili kwa sababu zinaweza kulipuka, kwa hiyo ulizeni mapema imewekwa wapi.